Kifua kipana si bega imara

Mwezi wa nane hapa Ohio ndio mwezi wetu wa kazi nzito. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo wanarudi kambini, na kabla hawajavaa helmeti na pedi za mabegani, sisi wa afya ya wanamichezo tunawapima. Mimi nimepewa mabega. Ukiwaona kwenye runinga na vile vifua, unaweza kudhani bega la mtu wa namna ile haliteguki.

Linateguka. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokipokea, hivyo kazi ya kukishika inabaki kwa kano na misuli midogo inayotoka kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Watazame wale wa mstari wa mbele wanaomlinda kwotabeki, yule mrusha mpira: mchezo mzima wamenyoosha mikono kuzuia watu wazito kama wao. Kila msukumo unalirudisha bega nyuma, na wengi wao hulegea upande huohuo.

Wanaotafuta nafasi NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, hupimwa kwa kunyanyua chuma cha kilo 102 wakiwa chali kwenye benchi, mara nyingi wawezavyo. Nguvu utaiona, sikatai. Lakini pale kombe la bega limebanwa na benchi, limepumzishwa kazi yake.

Kipimo ninachokiamini hakitaki mashine. Nabandika tepu mbili sakafuni, zimeachana sentimita 91. Mchezaji anakaa mkao wa pushapu, kila mkono kwenye tepu yake. Nikisema anza, mkono wa kulia unavuka kugusa upande wa kushoto na kurudi, kisha wa kushoto nao unavuka, hivyo hivyo kwa sekunde 15. Anapumzika sekunde 45, anarudia, mara tatu, nachukua wastani wa miguso. Wakati huo natazama kiuno kinachoyumba, kiwiko kinachokunjika, kombe la bega linalochomoza mgongoni. Nimeona majitu ya jimu yakitetemeka sekunde ya kumi.

Utafiti mmoja wa 2014 kwa wachezaji 26 wa chuo uliona kwamba waliopata chini ya miguso 21 kabla ya msimu ndio walioelekea zaidi kuumia bega. Watu 26 ni wachache mno. Kwa namba hiyo peke yake simzuii kijana kucheza, hasa nikijua wengi mchezo ndio unaowalipia ada. Wa chini ya hapo nawaongezea mazoezi ya kombe la bega.

Faida kubwa naiona mtu akishaumia. Kuna kijana ambaye wazazi wake ni Wakongo, ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa, kama kwao. Aliumia bega la kushoto mazoezini, na baada ya wiki chache akanijia: "Yaya, niko sawa, bega haiumi tena." Nikabandika tepu. Kila uzito ulipobaki kwenye mkono wa kushoto, kiwiko kilitetemeka na kiuno kikapinda, na hesabu ikawa mbali na ile ya kabla ya msimu. Alikaa kimya akiitazama karatasi. Nilimwonea huruma sana, lakini nilimrudisha kwenye mazoezi ya mikanda ya mpira ya kuvuta. Kocha alipouliza lini, nilimjibu: akiifikia namba yake mwenyewe na mkono ukatulia, atavaa pedi, kwanza kwenye mazoezi yasiyo ya kugongana.