Kutoka Princeton hadi Walnut Street, nikimfuata Paul Robeson

Binamu yangu anayeishi Trenton, jimbo la New Jersey, alikuwa amenipangia Jumamosi ya kuzunguka madukani. Nikamwomba radhi, nikapanda treni kwenda Princeton. Tangu nisome kwamba Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, alijifunza Kiswahili London miaka ya 1930, nimekuwa na hamu ya kuona alikotoka.

Princeton Junction unabadilisha, unaingia kitreni ambacho wenyeji hukiita Dinky. Hujakaa sawasawa, umefika. Chuo kikuu ni majumba ya mawe na nyasi zilizokatwa kama zulia. Ila ukivuka Nassau Street ukateremka Witherspoon Street, nyumba zinapungua ukubwa mpaka unaingia kwenye mtaa wa zamani wa watu weusi. Hapo, nambari 110, ndipo alipozaliwa Aprili 9, 1898. Baba yake alitoroka utumwani North Carolina akiwa na miaka 15, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa la mtaa huo. Mama alifariki mwaka 1904 baada ya kuungua moto nyumbani. Kaka mkubwa alitaka kusoma katika chuo kile kilicho pua na mdomo na kwao, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Leo barabara ya jirani inaitwa Paul Robeson Place. Nilikitazama kile kibao, nikaguna.

Nikarudi Trenton, nikaunganisha treni ya Philadelphia. Njiani nikawa napitia maisha yake kichwani: chuo kikuu cha Rutgers kwa ufadhili, nyota wa mpira wa Kimarekani, digrii ya sheria chuo kikuu cha Columbia mwaka 1923. Uwakili aliuacha mapema, pale karani mzungu alipokataa kuandika maneno anayotamkiwa na mtu mweusi. Sheria ikapoteza, jukwaa likapata. Othello, tamthilia ya Shakespeare aliyoigiza Broadway, New York, kuanzia 1943, ilionyeshwa mara 296.

Lakini kabla ya hapo, London ndiyo iliyomgeuza. Alikutana na wachimba makaa ya mawe kutoka Wales, wameandamana na njaa yao huku wakiimba, akashikamana nao maisha yake yote. Alikutana pia na Jomo Kenyatta. Wawili hao walionekana katika filamu moja ya mwaka 1935, Kenyatta akiwa chifu katika sehemu ndogo tu. Filamu ilipotoka ikawa inausifu ukoloni, na Robeson akaikana.

Aliporudi Marekani aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililopigania uhuru wa makoloni. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Wengi husema sababu ilikuwa ukomunisti, na ni kweli kwa sehemu. Lakini mahakamani Wizara ya Mambo ya Nje ilitaja waziwazi jitihada zake za kudai uhuru wa Waafrika. Yaani sisi tulikuwa kwenye mashtaka yake, na shuleni sikuwahi kusikia jina lake hata mara moja.

Philadelphia nilichukua treni ya mjini. Baada ya kituo cha 40th Street inatoka chini ya ardhi na kupanda juu ya Market Street, unachungulia madirisha ya watu. Nikashuka kituo cha 52nd Street, nikatembea hadi nyumba nambari 4951 Walnut Street: baraza mbele, ukuta mmoja na jirani. Hapa aliishi miaka yake ya mwisho kwa dada yake Marian, mwalimu mstaafu, hadi alipofariki Januari 23, 1976.

Mzee aliyetutembeza ndani ya nyumba hiyo, ambayo sasa ni makumbusho, aliweka rekodi ya Robeson, akanyamaza. Ile besi, sauti yake nzito, huisikii masikioni tu. Niliihisi kwenye mbao nilizokanyaga. Akatusimulia kuhusu mwaka 1957, Robeson akiwa hana pasipoti bado, alivyowaimbia wachimba madini wa Wales kwa simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki. Pasipoti aliirudishiwa 1958.

Nikauliza kuhusu Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti ambaye Robeson alimsifu. Mzee hakukwepa. Alikiri Robeson alijua mengi kuliko aliyosema, hasa baada ya kumwona Moscow mwaka 1949 rafiki yake Itzik Feffer, mshairi aliyekuwa mfungwa wa serikali ya Stalin. Kwangu hilo ni doa, na silifuti kwa sababu ya sauti tamu.

Kaburi liko Hartsdale, jimbo la New York. Kutoka Grand Central kuna treni ya moja kwa moja. Nitakwenda kabla visa yangu haijaisha.