Kuvuka ukingo wa Meru mchana kweupe

Usiku sikuogopa kitu. Tuliondoka kibanda cha Saddle, mita 3,570 kwenye Mlima Meru, Tanzania, saa saba, na taa ya kichwani ilinionyesha hatua mbili tu na buti za askari wa hifadhi aliyetangulia na bunduki yake. Baada ya Rhino Point aliniambia nishike mwamba. Nikashika, nikapita. Kulipopambazuka nilikuwa kileleni, Socialist Peak, mita 4,566, naitazama Kilimanjaro ikiwa juu ya mawingu.

Kurudi ndipo nilipoona nilikopita. Kulia ardhi inakatika ghafla: ukuta wa kreta, shimo la volkano, unashuka mpaka chini kabisa, na humo ndani kimesimama kilima cha majivu ya volkano. Kushoto ni mteremko wa kokoto. Katikati, kanjia kembamba. Magoti yakalegea, nikakaa chini, nikamwambia askari siwezi kusogea.

Hakunicheka. "Kaa, dada. Kunywa maji kwanza. Jua bado lipo."

Nilikaa kama dakika kumi. Kisha akaniambia nifunge fimbo za kupandia kwenye begi, na hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote, kwa sababu penye mwamba fimbo zinakunyima mikono. Uso ugeukie mwamba. Mkono au mguu mmoja tu uhame, vitatu vibaki vimeshika. Jiwe ulivute kidogo kabla ya kuliamini, maana mengine yamelegea. Na macho yabaki pale unapokanyaga. Nilihesabu kila hatua kwa sauti, naye akaniitikia namba zangu, taratibu, bila kunikatisha hata mara moja.

Wengi huupanda Meru kama zoezi la kuzoea hewa kabla ya Kilimanjaro. Mimi nilianza na Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, na sikukutana na mahali kama hapa. Anayekuambia Meru ni mazoezi tu, muulize kama alivuka ukingo ule mchana.

Nilipofika Rhino Point, vidole vilikuwa vimekakamaa na viganja vimechubuka. Nikageuka. Kijana mmoja wa kundi la nyuma alikuwa amesimama palepale nilipokaa mimi, fimbo mkononi, hasogei.

Nikamwita kwa nguvu: "Kaka, funga fimbo kwanza!"