Nilivyopanga rafu ya visasili na visakale kwa wasomaji wa miaka 4 hadi 15

Mpango wa kwanza ulikuwa kuvigawa vitabu kwa umri, na haukudumu. Kisa kimoja, tuseme kile cha Wagiriki cha Persephone, binti wa mungu wa kike Demeter, kutekwa na kupelekwa kuzimu, kilijikuta kwenye mafungu matatu yaliyo mbalimbali. Msomaji aliyemaliza usimulizi mwepesi hakuwa na njia ya kujua kwamba upo mwingine mzito zaidi unaomngoja. Nikapangua yote. Sasa vitabu hukaa kwa jamii ambako kisa kilizaliwa, kisha kwa kisa chenyewe, na ndani ya kila fungu hutangulia vyepesi, vikafuata vizito. Umri huangaliwa mwisho kabisa, kwa sababu kisa hakina umri. Kinachomfaa au kumshinda mtoto ni namna kilivyosimuliwa: urefu, wingi wa majina, na jinsi mwandishi anavyokipitia kifo.

Kabla ya hapo nilitenga aina. Kisasili hueleza chanzo cha mambo, kama vile ulimwengu, majira na kifo, na wahusika wake wakuu aghalabu ni miungu. Kisakale, ambacho wengine hukiita mighani, humhusu shujaa ambaye jamii yake humkumbuka kuwa aliishi. Hurafa, yaani hadithi za wanyama zenye funzo, na ngano za kawaida nilizipa rafu yao. Utengano huu si wa kupendeza macho tu. Mtoto wa miaka 7 atauliza, "Ni kweli?" na jibu hutofautiana. Kwa Sundiata, mwanzilishi wa dola ya Mali huko Afrika Magharibi, utasema mfalme huyo aliishi katika karne ya 13 na dola hiyo ilikuwepo, ila kung'oa mbuyu mzima siku aliyosimama kwa mara ya kwanza ni sehemu ya masimulizi ya kumtukuza. Kwa Thor, mungu wa radi wa Skandinavia, hutajibu hivyo. Anansi, buibui mjanja wa Waashanti, alinisumbua kidogo. Visa vyake vingi ni hekaya za ujanja, lakini kile cha kuzinunua hadithi zote kwa Nyame, mungu wa mbinguni, kwa kumkamata chatu, manyigu, chui na kiumbe wa ajabu wa msituni aitwaye Mmoatia, kinaeleza chanzo cha hadithi zenyewe. Nilikiweka kwa visasili.

Anayetumia namba za Dewey, mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada, akumbuke kwamba zinatawanya vitabu hivi: masimulizi ya jadi yako 398.2, miungu ya Wagiriki na Warumi iko 292, na ile ya Skandinavia iko 293. Niliziacha namba zilivyo, ila vyote nikavisimamisha mahali pamoja.

Vipimo nilivyotumia nilivipata kwa kusoma kwa sauti huku nikitazama saa. Kwa miaka 4 hadi 6, kisa kiwe na maneno 400 hadi 800, majina yasiyozidi matatu, na jambo moja tu linalotafutwa. Hapo ni dakika nane au chini yake, na picha ziweze kusimulia zenyewe. Kwa miaka 7 hadi 9, mkusanyo wa visa vifupi hufaa zaidi kuliko kitabu kirefu, kila kisa maneno 1,000 hadi 1,500. Miaka 10 hadi 12 ndio umri wa njaa. Hapa wasomaji hutaka ramani, nasaba ya miungu na kisa kimoja kilichotandazwa kurasa 150, na ukiwapa vitabu vya picha pekee wataiacha rafu. Kuanzia miaka 13 niliweka tafsiri kamili na tenzi zenye maelezo.

Kitabu kipya hukifungua mahali patatu kabla ya kukipa nafasi. Kwanza, ukurasa unaosema kisa kimetoka wapi. Kitabu kinachodai "hadithi ya Kiafrika" bila kutaja ni ya Waashanti, Wazulu au Wanyanga kinashuka daraja papo hapo, maana msomaji hawezi kukifuatilia. Pili, orodha ya majina na jinsi yanavyotamkwa. Mkusanyo unaochanganya Zeus na Jupiter, au Herakles na Hercules, bila kueleza kwamba Wagiriki na Warumi waliita kwa majina tofauti, humfanya mtoto adhani ni watu wanne.

Tatu, mahali mtu anapokufa. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi.

Chukua Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa pwani ya kaskazini. Kuna sehemu mbili ambazo kila msimulizi lazima aziamulie. Ya kwanza ni gerezani: mama yake anamtumia mkate wa wishwa, walinzi wanaudharau na kumwachia, na ndani yake mna tupa, kifaa cha kukerezea chuma. Ngoma ya gungu inapopamba moto nje, sauti yake inafunika mkwaruzo wa tupa kwenye minyororo. Kisa hiki mtoto wa miaka 5 anakielewa chote, tena atakidai kesho yake. Sehemu ya pili ni mauti. Mwanawe anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika upinde, anapiga goti karibu na kisima na kufa katika hali hiyo, huku watu wakiogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Msomaji wa miaka 10 anaweza kuibeba sehemu hiyo, usaliti wa mwana ukiwemo.

Basi kipimo changu ni hiki: usimulizi wa watoto wadogo unaokomea kwenye minyororo kukatika ninaukubali. Unaofika kisimani halafu ukamfanya Liyongo apone na kumsamehe mwanawe ninaukataa. Kukomea njiani ni haki ya msimulizi, lakini kubadilisha mwisho kunamwachia mtoto kisa ambacho jamii yake haikukisimulia, na siku atakapokutana na utendi ataona alidanganywa. Herakles, shujaa wa Kigiriki, naye ni vivyo hivyo. Vitabu vingi vya watoto huanza na kazi zake kumi na mbili bila kusema kwamba alipewa ziwe malipizi ya kuwaua wanawe akiwa na wazimu. Kwa miaka 8 sioni ubaya. Kwa miaka 12 pengo hilo linafanya kazi zenyewe zikose sababu.

Tofauti ndogo kati ya vitabu si makosa kila mara, nazo ni hazina. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, Persephone anakula punje moja ya komamanga. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, ni saba. Vitabu vya watoto hutaja hata sita. Niliviweka vitabu viwili vinavyopingana bega kwa bega, na ndani ya jalada la kila kimoja nikabandika karatasi yenye swali: "Hapa alikula punje ngapi?" Pandora vilevile: kwa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, mwanamke huyo alifungua mtungi mkubwa uliotoa mabaya duniani, na kisanduku kiliingia karne ya 16 kupitia tafsiri ya Kilatini ya msomi Erasmus.

Jambo moja lilinifanya niondoe vitabu kadhaa vizuri kwa sura: sentensi ya "zamani watu waliamini" kuhusu Rama au Ganesha, miungu ya Wahindu. Hao wanaabudiwa leo na mamilioni ya watu, pengine na familia ya msomaji mwenyewe. Vitabu vinavyosema "Wahindu husimulia kwamba" vilibaki.

Kuhusu vibandiko, usiandike umri mgongoni mwa kitabu. Nilipoandika "6–8", wasomaji wa miaka 12 wanaosoma polepole hawakuvigusa vitabu ambavyo vingewafaa hasa. Nikaweka alama: nyota moja kwa vyepesi kabisa, mbili, tatu, hadi nne kwa vizito. Msomaji anajipima mwenyewe kwa kufungua ukurasa wa katikati wenye maneno 100 hivi na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha, ashuke nyota moja katika kisa kilekile.

Fungu la nyota nne ndilo lililohitaji msaada zaidi. Utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 una Kiswahili cha kaskazini kinachomchosha kijana akianza ubeti wa kwanza. Nilichofanya ni kuweka kipande cha karatasi kwenye beti za kisimani, ili aanzie pale anapokijua kisa tayari kutoka vitabu vya nyota mbili na tatu, asome kwa sauti mizani (silabi) nane nane kila kipande cha ubeti, na maana ya maneno magumu aikute imeandikwa kwa penseli pembeni.