Siku moja maabara: kalsiamu ilipofika 3.3

Saa 12:30 asubuhi. Matatu ya Githurai imenishusha mjini kabla Thika Road haijajaa foleni. Napokea zamu, naanza na sampuli za kudhibiti ubora. Mashine isiposoma sawasawa, damu ya mgonjwa haipimwi.

Saa 3:00. Wodi imeleta damu ya mama mwenye maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, na ametapika usiku kucha. Lipezi, kimeng'enya cha kongosho cha kusaga mafuta, imepita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida: kongosho limevimba. Mara nyingi chanzo huwa mawe ya nyongo au pombe. Ultrasaundi haikuona mawe, na pombe hagusi. Daktari akaagiza kipimo cha kalsiamu, kwani ikizidi nayo huweza kuumiza kongosho; laiti wote wangefanya hivyo.

Inasoma 3.3. Kwa kawaida haizidi 2.6 hivi, milimoli kwa lita. Naangalia chupa: kifuniko ni cha njano. Ile ya zambarau ina kemikali inayonasa kalsiamu, ingesoma chini mno. Albumini, protini inayobeba kalsiamu kwenye damu, iko sawa. Narudia, 3.3 tena.

"Sista, mama wa kitanda cha dirishani, kalsiamu ni tatu nukta tatu. Daktari ajue sasa hivi."

"Tatu nukta tatu. Nimeandika, namwita."

Saa 7:00 mchana. Kwenye chai, mwanafunzi wa mafunzo kazini ananiuliza madini ya mifupa yanaliumizaje kongosho. Namwambia vimeng'enya vya kusaga protini hutoka kongosho vikiwa vimelala, viamkie utumboni. Kalsiamu ikizidi ndani ya seli, tripsini, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, inaamka humo humo, inaamsha na wenzake, na kongosho linaanza kujimeng'enya. Si kila mwenye kalsiamu ya juu hupatwa, lakini anayepatwa huteseka sana.

Saa 9:00. Kimeongezwa kipimo cha homoni ya paradundumio, ile ya tezi nne ndogo shingoni. Moja ikiota uvimbe, huendelea kuchota kalsiamu mifupani, na upasuaji huweza kuponya. Kalsiamu hupandishwa pia na saratani, na vidonge vya vitamini D vinavyomezwa bila kipimo. Hivyo vinanitia hofu.

Saa 11:00 jioni. Baada ya dripu, imeshuka hadi 3.0. Hapa ndipo wagonjwa hutuponyoka: mafuta yanayoharibika kando ya kongosho hunasa kalsiamu, hivyo anayechelewa kuja huweza kusoma kawaida kabisa, chanzo kikajificha. Lazima apimwe tena akishapona. Kwenye kitabu cha zamu naandika: kalsiamu irudiwe asubuhi, na kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.