Chokaa Ikilowa

Mvua yenyewe haikuwa ya maana. Manyunyu ya dakika kumi hivi, ambayo kwetu Temeke mtu haanui hata nguo. Nilijibanza chini ya bati la duka lililofungwa, nikasubiri yapite. Nilipotoka na kuugeukia ukuta wangu, ukuta ulikuwa na uso.

Ilikuwa Februari 2023, siku yangu ya pili Kingston, Jamaica. Jana yake nilikabidhiwa ukuta mweupe wa mita sita kwa nne, nikaambiwa umeshaandaliwa, kazi yangu ni kuchora tu. Sasa kutoka ndani ya weupe ule alikuwa akinitazama kijana wa miaka ishirini au chini yake, kofia imekaa upande, tabasamu la upande mmoja wa mdomo. Nilisogea nikamgusa. Vidole vikatoka na uji mweupe. Chokaa! Hakuna praima, hakuna rangi, ni chokaa tupu iliyopakwa juu ya picha ya mtu.

Chokaa naijua. Babu yangu alikuwa akipaka msikiti wa kijijini kwao Pangani kila ulipokaribia mwezi wa Ramadhani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkorogea ndoo. Ikikauka ni nyeupe kuliko karatasi. Ikilowa inakuwa kama kioo cha moshi, na kila kilicho nyuma yake kinajitokeza. Jua likichomoza kinarudi kujificha. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa: nikiwa bado nimesimama, jua likapanda juu ya mabati, na yule kijana akafifia kuanzia kwenye kofia kushuka chini, mpaka nikabaki na ukuta mweupe.

"Umemwona?"

Aliyeuliza alikuwa bibi mwenye kigari chake pale kona, anauza maji baridi, peremende na sigara za mojamoja. Nikamwambia nimemwona. Akasema, "Mjukuu wangu," akaendelea kupanga chupa zake kwenye barafu.

Jina la kichochoro chenyewe sitalitaja, na mwishoni mtaelewa kwa nini. Kiko katikati ya mji wa zamani, chini kuelekea bandarini. Sehemu ile ya Kingston imejaa kuta za kuchorwa. Kabla ya kuanza kazi nilipelekwa Fleet Street, ambako tangu 2014 wachoraji na wakazi walianza kuchora kuta za ghala lililoachwa, kisha rangi zikatambaa mpaka kwenye kuta za nyumba za watu. Nikapita pia Water Lane, na nikasimama muda mrefu mbele ya Ward Theatre, jengo la mwaka 1912. Nilifika nikiwa na mchoro wangu tayari kwenye simu: simba, ngoma, Mlima Kilimanjaro nyuma. Waandaaji walionialika waliupenda. Mimi pia niliupenda, maana ndio ulionipatia tiketi. Nilikuwa nimeanza na mabango ya vinyozi na maandishi ya daladala, na hakuna mtu yeyote ukoo mzima aliyewahi kuvuka bahari ile.

Siku ile sikuchora. Nilikaa na bibi.

Mjukuu wake alikuwa akisukuma mkokoteni. Alitoa mizigo Coronation Market, soko kubwa la Kingston, akaisambaza mitaani. Mikokoteni ya kule inafanana na yetu ya Kariakoo kwa kila kitu isipokuwa kimoja: inafungwa usukani wa gari, wa duara kabisa, na msukumaji anaendesha kama dereva wa lori. Pembeni wanaandika maneno, kama yale ya kwenye daladala na makanga. Aliuawa kwa risasi, miaka minne nyuma. Bibi alinieleza kwa maneno machache na mimi sikuuliza zaidi. Wakakesha usiku tisa, ndiyo desturi yao ya matanga, kwa nyimbo na domino na samaki wa kukaanga, na baada ya usiku wa tisa rafiki zake wakachanga pesa ya rangi wakamchora ukutani. Ndivyo wanavyofanya mitaa ile. Ukuta ndilo kaburi linaloonekana, kwa sababu makaburini ni mbali na nauli ni pesa.

Halafu ikaja kampeni ya kufuta picha za viongozi wa magenge. Naielewa hoja yake, na sitaipinga: mtoto asikue huku muuaji amevishwa taji kwenye njia yake ya kwenda shule. Lakini ndoo ya chokaa haiulizi majina. Bibi anasema mjukuu wake hakuwahi kushika bunduki. Sikuwa na njia ya kujua, wala sikuona kama ni mimi wa kumhukumu. Nilichojua ni kwamba kwa miaka yote hiyo, kila mvua iliponyesha, mwanamke huyu alikuwa akimwona mtoto wake kwa robo saa. Na mimi nilikuwa nimesafirishwa nusu ya dunia kuja kuhakikisha hamwoni tena.

Maana kitaalamu hakukuwa na namna. Rangi haishiki juu ya chokaa, ndani ya mwaka inabanduka kama ngozi ya nyoka. Ukuta ulipaswa kukwanguliwa, kusuguliwa kwa brashi ya waya, kuoshwa, kupakwa praima, ndipo rangi. Nilimpigia simu mwandaaji nikamweleza. Akanijibu kwa upole lakini bila kupindapinda: uso wa marehemu hauruhusiwi, ni sharti la kibali, na kama nina tatizo na ukuta ule ninaweza kupewa mwingine, upande wa pili wa mji, karibu na hoteli.

Nikamwuliza bibi anataka nini. Nilitegemea ataniambia niondoke. Akasema, "Wewe ukikataa watamleta mwingine, na huyo mwingine hataniuliza. Usimpige brashi usoni bila kumwambia, basi."

Kwa hiyo kesho yake alfajiri, kabla ya kukwangua, nilimwambia. Kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ninayoombea samahani. Nilisema, ndugu yangu, mimi ni mgeni, nimetoka Dar es Salaam, napita hapa kwako, niwie radhi. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na kigari chake. Hakuelewa neno na hakuuliza maana yake.

Simba nilimwacha kwenye simu. Mchoro mpya niliuchora usiku ule kwenye boksi la viatu: mkokoteni mkubwa, wenye usukani, umejaa mashelisheli, unapanda njia kuelekea Blue Mountains, ile milima ambayo ukiwa Kingston ukiinua macho huikosi. Hakuna anayeusukuma. Shelisheli nililikuta pale kona, bibi akichoma kwenye jiko la makaa, nikashangaa kama mtoto. Zanzibar tunalipika kwa nazi. Wao wanalichoma zima mpaka ganda liwe jeusi, halafu wanamenya na kula na siagi. Wakaniambia lililetwa kwa meli ya Waingereza mwaka 1793, kutoka Tahiti, ili liwe chakula cha bei nafuu cha watumwa. Nililishika lile tunda la moto mkononi na sikupata la kusema. Nikalichora mara thelathini.

Kazi ilichukua siku nane. Kingston ina upepo wa bahari unaoingia asubuhi kama saa nne, na watu wanauita Daktari kwa sababu unakuja kuwaponya na joto. Kwa anayepuliza rangi, daktari huyo ni msiba: unalenga jani, rangi inatua kwenye shati la mpita njia. Kwa hiyo makopo niliyatumia tangu alfajiri mpaka saa nne, kisha nikageukia rola na brashi. Miraba ya kukuzia mchoro sikupiga. Nilijaza ukuta herufi na namba na maumbo ya hovyo, nikaupiga picha, nikaulaza mchoro wangu juu ya picha hiyo kwenye simu, na kila alama ya hovyo ikawa inanielekeza tairi linaanzia wapi na mlima unaishia wapi. Watoto wa kichochoro waliniandikia alama hizo. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote.

Na kulikuwa na mzee mmoja Mrasta, mcheza domino, ambaye siku ya kwanza aliposikia Tanzania alisimama wima na kusema "Nyerere!" kama mtu anayejibu salamu. Alikuwa kijana Mwalimu alipofika Jamaica mwaka 1974, enzi za waziri mkuu Michael Manley. Na kabla ya hapo, Oktoba 1968, aliona mji huu ukichafuka wakati Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alipozuiwa kurudi kufundisha chuo kikuu cha hapo. Nikamwambia Rodney alikuja kwetu, akafundisha Dar es Salaam mpaka 1974. Akasema, "Najua. Mlitutunzia." Sijawahi kujivunia jambo ambalo sikulifanya kama nilivyojivunia hilo.

Salamu nilimfundisha bibi. Alitaka kujua kwetu mkubwa anasalimiwaje, nikamwambia shikamoo, na yeye anatakiwa aitike marahaba. Kuanzia hapo kila asubuhi nilipotokea kona aliniwahi kwa sauti, "Marahaba!", kabla sijafungua mdomo. Nikawa naishusha shikamoo baadaye, kinyumenyume, na tukaridhika hivyo.

Siku ya sita akaniambia maneno yaliyokuwa yameandikwa kwenye mkokoteni wa mjukuu wake. Ni methali yao, maana yake wakati ni mrefu kuliko kamba. Nikaiandika ubavuni mwa mkokoteni kwa Kiswahili, WAKATI MREFU KULIKO KAMBA, kwa herufi nene za njano zenye kivuli cheusi, zile zile nilizoziandika nyuma ya daladala za Mbagala nikiwa na miaka kumi na saba. Mkono ulizikumbuka bila kuuliza. Mwandaaji alikuja, akauliza maana, akasema inapendeza. Wakaja pia askari wawili wa zamu, wakatazama mkokoteni na mashelisheli, mmoja akapiga picha na kaka wa bibi, wakaenda zao.

Nina jambo ambalo sikuwaambia, na sikulisema kwa yeyote mpaka leo. Nilipokuwa nikikwangua, nilianzia pembeni. Nilisugua kulia, nikasugua kushoto, nikapanda ngazi nikasugua juu. Nilipofika katikati mkono ukagoma. Nikachukua chaki, nikauzungushia mstari uso ule, kofia na tabasamu na sehemu ya shingo, na ndani ya mstari sikugusa kitu. Mchoro wote niliupanga upya kwa ajili ya duara lile. Usukani wa mkokoteni uko chini yake kidogo. Nyuma ya usukani, mahali ambapo kichwa cha msukumaji kingekuwa, kuna wingu jeupe lililokaa juu ya bega la mlima. Kila mtu aliyeutazama mchoro aliona wingu. Ni chokaa ile ile, haina praima, haina rangi. Fundi yeyote akiikagua ataniona mzembe.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kuaga, gari la uwanja wa ndege likinisubiri barabarani. Bibi aliniitikia marahaba yake kwa mbali. Akanipa shelisheli la kuchoma limefungwa kwa karatasi ya fedha, bado la moto. Nikamwambia, mama, njoo kidogo huku. Nikamsimamisha mbele ya ukuta na kumwonyesha wingu.

Aliliangalia muda mrefu. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na dalili ya mvua. Nilikuwa sijapata neno la kumweleza, yeye akageuka akarudi kwenye kigari chake. Nikadhani nimemuudhi. Akafungua sanduku la barafu, akachota maji kwa bakuli la plastiki, akarudi polepole asiyamwage njiani, akayarusha juu kwa mikono miwili.