Siku moja na mashine ya mapigo ya mtoto

Nikisema kazi yangu ni kusoma mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, watu hudhani nafunga mkanda, nabonyeza kitufe, nasubiri karatasi itoke. Mkanda na kitufe ni kweli. Hayo mengine ndiyo yanayonimaliza.

Saa moja kasorobo asubuhi. Napokea zamu. Mwenzangu wa usiku macho mekundu, anaongea harakaharaka: nani ana presha, nani ana kisukari, nani amepitisha tarehe. Kabla mama hata mmoja hajapanda kitandani, nazungukia mashine. Naangalia saa ya kila moja, maana muda uliochapwa kwenye karatasi ndio utakaosomwa siku likitokea la kutokea. Naangalia na kasi ya karatasi. Wengine hutumia sentimita 1 kwa dakika, wengine 3, na aliyezoea ile ya 1 akipewa ya 3 atadhani mstari umetulia kuliko ulivyo, kwa sababu mapigo yaleyale yamevutwa yakawa marefu. Leo mashine moja ilikuwa imebadilishwa kasi. Aliyeibadilisha hajulikani, kama kawaida.

Saa mbili hadi saa nne ni jeli, mikanda, majina, tarehe, na "mama, geukia ubavu, usilale chali". Akilala chali, mji wa mimba unaugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, presha yake inashuka, na mtoto naye anapata kidogo. Wengi waliondoka na karatasi nzuri: mapigo ya msingi kati ya 110 na 160 kwa dakika, mstari wenye meno meno kama msumeno uliochakaa, unaocheza kwa mapigo 5 hadi 25, na mara kwa mara mapigo kuruka juu kwa 15 au zaidi, yakakaa huko sekunde 15 au zaidi, hasa mtoto anapocheza. Mwanafunzi anazishika namba hizi asubuhi moja. Halafu anakutana na mama kama yule wa saa nne.

Alikuja na mumewe, mimba ya wiki 37, mtoto amepunguza kucheza tangu jana jioni. Nikauliza kwa nini hawakuja jana hiyohiyo. Mume akatoa mfukoni kimashine cha kusikilizia mapigo, walichokinunua mtandaoni. "Sista, jana usiku tulisikiliza wenyewe. Moyo ulikuwa unapiga vizuri tu, mia moja na kumi na kitu." Alisema kwa fahari. Sikumjibu vibaya, ila vimashine hivi vinanikera kuliko jambo lolote katika kazi hii. Vinawalaza watu usingizi usiku ambao walitakiwa wawe njiani kuja hospitali.

Nikafunga mkanda. Namba zikatokea upesi: 116, 118, 115. Mume akanitazama, uso wote unasema si nilikuambia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mkewe, vidole kwenye mshipa, macho kwenye saa ya ukutani, kama ninavyofanya kwa kila mama. Nikahesabu dakika nzima. 116.

Mama alikuwa na hofu, moyo wake unakwenda mbio, na mashine ilikuwa imedaka mshipa wake yeye. Inatuma mawimbi ya sauti tumboni, inapokea yanayorudi kutoka kwenye kitu kinachotikisika, inahesabu. Haijui moyo ni wa nani. Na moyo wa mama aliyeogopa unaingia kabisa ndani ya namba za mtoto mzima wa afya, hapo ndipo hatari ilipo.

Nikapapasa tumbo kutafuta mgongo wa mtoto, nikaweka fetoskopu, ile pembe tuliyoachiwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19. Ukiiwekea sikio unasikia moyo wenyewe, si sauti iliyotengenezwa na mashine. Kushoto, chini kidogo ya kitovu: 142. Nikahamishia transdusa, kile kisahani cha mashine kinachokaa chini ya mkanda, hapohapo, nikafunga upya. Mume akakirudisha kimashine chake mfukoni.

Nilidhani shughuli imekwisha. Mstari ukaanza kutoka ukiwa laini. Dakika kumi, laini. Dakika ishirini, laini, hauruki, hauchezi hata kwa mapigo 5. Mstari wa namna hii una maelezo mawili makubwa: mtoto amelala, au mtoto hana hewa ya kutosha na amechoka. Mtoto mwenye afya anaweza kulala usingizi mzito hadi dakika 50 hivi, na kwa muda huo karatasi yake inafanana sana na ya mgonjwa. Hakuna njia ya mkato. Unasubiri, na unasubiri huku umejiandaa kukimbia.

"Sista, kwani inachukua muda gani?" Baada ya dakika tano, tena. Halafu akataka tumbo litikiswe. Halafu akataka mkewe anywe kitu kitamu, nikamweleza kwamba hilo limeshapimwa na halikuonekana kusaidia. Daktari naye akachungulia mlangoni: "Vipi, tunaamua?" Bado. Akarudi tena: "Vipi?" Bado, daktari. Mama mwenyewe hakuuliza kitu. Alikuwa ananitazama usoni tu, na uso huo ndio nililazimika kuuchunga muda wote.

Mashine hii ina hesabu za Chuo Kikuu cha Oxford, kazi ya watafiti Dawes na Redman. Moyo unaopiga mara 140 kwa dakika unaacha kama milisekunde 429 kati ya pigo na pigo, na programu inapima jinsi nafasi hizo zinavyobadilika kwa milisekunde chache, kitu ambacho jicho langu haliwezi kukipata. Badiliko hilo likishuka chini ya milisekunde 3 hatubaki tumekaa. Programu inaweza kuridhika ndani ya dakika 10; isiporidhika inaendelea hadi 60. Ni ya mama ambaye uchungu haujaanza, nasisitiza, kwa sababu nimeshaona watu wakitaka kuipeleka leba. Skrini ikaendelea kuandika kwamba vigezo havijatimia, na mume akasoma hapo kwamba mwanawe ameshaharibikiwa.

Dakika arobaini na ushei. Mama akasema, "Huyo!" Mstari ukapanda kutoka 140 hadi 160, ukakaa, ukashuka, ukapanda tena. Meno yakarudi. Sikushangilia, ila nilihisi mabega yangu yakishuka.

Daktari akaagiza ultrasaundi ya kuangalia maji na ukuaji, na alikuwa sahihi. Karatasi nzuri inaeleza hali ya mtoto ya sasa hivi. Kondo likiachia kesho, haikuahidi lolote. Mume nikamwambia kile kimashine akiweke kabatini. Mtoto akipunguza kucheza mnakuja, iwe mchana au usiku.

Chakula nilikula nimesimama.

Mchana leba ilipungukiwa na mtu, nikaitwa. Kuanzia hapa saa sizikumbuki vizuri. Kuna mama alikuwa kwenye dripu ya kuongeza uchungu, mikazo 6 kwa dakika 10, wakati isizidi 5. Kila mkazo ukifika kileleni, mapigo ya mtoto yanaanza kushuka polepole, yanarudi mkazo umeshakwisha. Kushuka kwa kuchelewa namna hiyo ndiko sikupendi. Mkazo unabana mishipa inayolisha kondo, na mtoto anategemea akiba aliyopata katikati ya mikazo. Mikazo ikifuatana mno, akiba haijai. Kushuka ghafla kwa sababu kamba ya kitovu imebanwa kuna sura nyingine, yenye ncha kali, na mara nyingi mtoto anakuvumilia. Huyu hakuwa hivyo. Dripu tukaifunga, mama tukamgeuza ubavu wa kushoto, daktari akaitwa, chumba cha upasuaji kikaambiwa kikae tayari. Mikazo ikalegea. Mapigo yakaacha kushuka. Upasuaji haukuhitajika, na alipojifungua baadaye damu ya kitovu ilitoa pH, yaani kipimo cha asidi, 7.22; inayotutisha ni ile iliyo chini ya 7.00.

Si kila siku inaisha hivyo, na mimi si mtu wa kuitukuza mashine. Tafiti zilizolinganisha mashine ya mfululizo na kusikiliza kwa vipindi zilikuta degedege la watoto wachanga limepungua, upasuaji umeongezeka, na ulemavu wa ubongo haukuonekana kupungua. Tena karatasi moja ukiwapa wataalamu wawili, watabishana. Mpe mmoja wao ileile baada ya miezi, anaweza kubishana na alichokisema mwenyewe.

Jioni kunabaki kurudufu karatasi, kwa sababu maandishi yake yanachapwa kwa joto na yanafifia. Vijana wanaofundisha kompyuta kusoma mapigo nao wananisubiri niwawekee alama rekodi zao, namba nne kwa kila sekunde, matundu kila mahali mkanda ulipoteleza. Wanajifunza pia kwa rekodi 552 zilizokusanywa Brno, Ucheki, zikawekwa wazi kwa watafiti wote. Wanataka jibu moja: mzima au mgonjwa. Kwenye vipande vingi niliandika "mapigo ya mama?" na hawakufurahi.

Kukabidhi zamu, saa moja usiku. Presha ni kitanda cha pili, ultrasaundi ya yule wa wiki 37 ilitoka salama, amerudi nyumbani. Na ile mashine ya tatu, mkanda wake umelegea. Ikikupa namba nzuri upesi sana, shika mkono wa mama kwanza.