Nilivyotolewa tezi dume kwa msaada wa roboti

Mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, akipasuliwa mbali, hesabu yake haiishii hospitali. Kuna kurudi. Unashuka Manda kwa ndege au Mokowe kwa gari, unaingia botini, unapanda ngazi za gati, kisha unafuata vichochoro vya Langoni mpaka mlangoni kwako kwa miguu au juu ya punda. Nimeona jirani akirudishwa na mshono mrefu wa tumbo, akiuma meno kila boti ilipopigwa na wimbi. Kwa hiyo nilipoambiwa nina saratani ya tezi dume, na kwamba bado haijatoka nje ya tezi, swali langu la kwanza lilikuwa nitapasuliwa vipi.

Kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, kukatwa kipande kidogo cha nyama ya tezi kikapimwe, na picha ya MRI nilivimaliza Mombasa. Daktari akaniwekea njia mezani: mionzi, upasuaji wa kufungua tumbo, au upasuaji wa matundu madogo kwa msaada wa roboti. Nilichagua hii ya tatu, India. Tukauza kiwanja cha Mokowe na ndugu wakachanga, Mungu awalipe. Gharama ndiyo kikwazo kikubwa cha tiba hii kwa watu wetu, na inaniuma kwamba wengi wanaishia hapo.

Mke wangu hakulala. "Baba Salma, roho yako utaikabidhi kompyuta?" Swali hilo tulilibeba mpaka kwa daktari, naye akatuonyesha mashine yenyewe. Ilikuwa roboti iitwayo da Vinci, aina iliyoruhusiwa kwa upasuaji Marekani tangu mwaka 2000. Roboti haiamui kitu. Daktari anakaa hatua chache kutoka kitandani, macho yake kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa picha yenye kina, iliyokuzwa hadi kama mara 10. Vidole vyake viko kwenye vishikio. Akisogeza mkono, kifaa kilicho ndani ya mgonjwa kinasogea kwa mwendo mdogo zaidi, na mtetemo wa mkono unachujwa njiani. Asipogusa, hakisogei. Wasaidizi wanakaa kando ya mgonjwa muda wote, na mambo yakienda kombo vifaa vinatolewa, kazi inamalizwa kwa kufungua tumbo. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema bismillahi.

Tezi dume iko mahali pagumu: chini ya kibofu, nyuma ya mfupa wa kinena, imezungukwa na mishipa ya damu, na neva zinazohusika na nguvu za kiume zinapita ubavuni mwake kulia na kushoto. Anayepasua kwa kufungua anafanya kazi ndani ya nafasi finyu huku damu ikimfichia. Katika njia ya roboti tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksaidi ili kupata nafasi, na msukumo wa gesi hiyo hubana mishipa midogo isivuje sana. Ncha za vifaa hupinda na kuzunguka kuliko kifundo cha mkono wa mtu, na hilo linasaidia hasa wakati wa kushona kibofu upya na njia ya mkojo, maana tezi ikitoka hapo katikati hubaki pengo.

Nilipozinduka nilikuta matundu machache tumboni, moja karibu na kitovu likiwa limepanuliwa kidogo kuitolea tezi. Sikuongezwa damu. Mabega yaliniuma kwa sababu ya gesi, yakaacha. Kesho yake nilitembea ukumbini nikishika mfuko wa mkojo. Kilichonikera ni mpira wa mkojo, nao ulikaa mpaka mshono wa ndani ushike. Tuliporudi, ngazi za gati nilipanda mwenyewe, mkono begani kwa mwanangu.

Lakini yapo ambayo roboti haitoi. Mkojo ulinivuja kwa miezi, na kwa mtu wa msikitini hilo ni zito. Sheikh wetu alinituliza: huo ni udhuru, wakati ukiingia, jisafishe, jihifadhi, tawadha kwa kila sala ya faradhi, uswali. Na kila siku nilikaza misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo, nikaachia, nikarudia, mpaka nikakauka. Nguvu za kiume zinarudi polepole, tena kwa dawa. Daktari alinusuru neva za upande mmoja tu, upande wa pili saratani ilikuwa karibu mno. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2016, wa wanaume zaidi ya 300, ulikuta waliopasuliwa kwa roboti walipoteza damu kidogo zaidi na kutoka hospitali mapema, lakini wiki 12 baadaye hali ya mkojo na ya chumbani ilikuwa karibu sawa na ya waliofunguliwa tumbo. Kwa hiyo muulize daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Mkono wake una uzito kuliko mashine.

Wala si kila ugonjwa unafaa. Shemeji yangu alipopata saratani ya mlango wa kizazi alitaka njia yangu. Daktari wake alimshauri afunguliwe, kwa kuwa utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wenye ugonjwa huo ukiwa bado mchanga waliishi zaidi bila ugonjwa kurudi walipofunguliwa kuliko walipopasuliwa kwa matundu. Alikubali.

Na kuna mzee wa Mkomani aliyekuja kwangu tayari kuuza mashua yake aende India. Nilimwomba kwanza anionyeshe majibu ya kipimo cha nyama ya tezi. Hakuwa na saratani; tezi ilikuwa imevimba tu kwa umri, ikabana mkojo. Alikwanguliwa Mombasa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila tundu hata moja tumboni, na mashua yake bado anayo.